Kheri ya Kubanwa

Waendesha baiskeli wa Dar es Salaam hatuna shukrani. Kaa nasi chini ya mwembe wa fundi yeyote, tyubu ikizamishwa kwenye beseni kutafutwa tundu, usikilize. Huyu kachomekewa na kipanya Buguruni, yule kapigiwa honi mpaka akaingia mtaroni, mwingine kafunguliwa mlango wa teksi usoni. Malalamiko matupu. Dereva mpole, anayetupisha na kutuachia nafasi, ameshasifiwa vya kutosha. Kila ikija Wiki ya Nenda kwa Usalama anapigiwa makofi. Yule anayetubana, anayetuhudumia asubuhi na jioni, mvua na jua, bila malipo, hajatungiwa hata ubeti mmoja. Naomba nafasi nimsifu.

Nianze na nasaba yake, maana mtu hasifiwi akiwa hana kwao. Mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alisajili hataza ya tairi ya upepo, aliyoibuni ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimrusherushe. Miaka 8 baadaye Henry Ford akalitoa gari lake la kwanza mitaani Detroit likitembea juu ya magurudumu manne ya baiskeli. Na kabla ya hapo, Marekani, waliokuwa wakiisumbua serikali itengeneze barabara nzuri walikuwa waendesha baiskeli, waliochoka kuchubuka magoti. Kwa hiyo tairi ni mali ya baiskeli, gurudumu ni la baiskeli, na hata lami yenyewe baiskeli ndiyo iliyotangulia kuidai. Gari ni mpwa. Baiskeli ni mjomba. Mtu wa huku kwetu hashangai kusikia hivyo, kwani kwa mila za Wazaramo na Waluguru mali ya mjomba huenda kwa mpwa. Tofauti ni ndogo tu: kwa mila, mpwa husubiri mjomba afe. Huyu wetu ana haraka.

Haraka yenyewe si ya jana. Mei 1896, mjini New York, Henry Wells akiwa kwenye gari aina ya Duryea alimgonga Evylyn Thomas, aliyekuwa juu ya baiskeli, akamvunja mguu. Magari ya Marekani nzima siku hizo yalikuwa ya kuhesabika, na bado moja likampata wa kumgonga. Wells alilala mahabusu usiku ule, kosa ambalo dunia imejitahidi sana kutolirudia.

Sasa matendo yake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mwendesha baiskeli wa mjini hufunzwa na daladala. Mimi masikio yangu nilizaliwa nayo, lakini kusikia nimefundishwa barabarani. Leo najua honi fupi mbili ni salamu, dereva anasema nakuona. Ndefu moja maana yake nimekuona na sijali. Honi inayoambatana na kiganja cha konda kikigonga bodi inasema kuna abiria mbele, gari linakuja kusimama hapo ulipo, tafuta pengine pa kuwepo. Macho nayo yamenolewa. Indiketa niliacha kuitazama siku nyingi, kwa kuwa ile ni pambo. Anayetaka kujua gari linaelekea wapi atazame tairi la mbele na mkono wa konda unaoning'inia mlangoni. Hivyo viwili havisemi uongo.

Hesabu pia nimejulia huko. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Hizo ni karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja ni muda mfupi mno kwa dereva kunyanyua macho kwenye simu, kukuona, kushangaa kwamba upo, na kuhamishia mguu kwenye breki. Tena nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, hivyo gari la kilomita 50 likikufikia linakuja na karibu mara tatu ya kishindo cha lile la kilomita 30. Shuleni niliandikiwa kanuni hiyo ubaoni kwa chaki, nikaikariri, nikafanyia mtihani, nikaisahau. Barabara ya Mandela nilirudishiwa somo na lori la kontena lililokuwa likiwahi bandarini, na sasa naijua hata usingizini.

Kuhusu dini sitasema mengi. Ila hakuna mawaidha yanayomkumbusha mja Muumba wake upesi kama breki za upepo zinazofoka nyuma ya mgongo. Nimewahi kumsikia mzee mmoja, Mkristo wa kuzaliwa, akimtaja Bikira Maria na kumswalia Mtume ndani ya pumzi moja.

Mwanafunzi bora wa chuo hiki ni muuza madafu. Yeye hata hapandi. Anaisukuma baiskeli kwa mguu, madafu yamefunikwa nyuma, yamening'inia ubavuni, panga limechomekwa katikati. Anatembea ukingoni kabisa mwa lami, pale ambapo mchanga unaanza, na bado anapigiwa honi. Asogee wapi? Kushoto kwake ni mtaro. Lakini mwalimu hamhurumii mwanafunzi mwenye kipaji. Anataka aone kama mzigo ule wote unaweza kuvukishwa mtaro bila daraja. Na unavukishwa. Nimeona kwa macho yangu, na baada ya hapo yule bwana akamkatia mteja dafu kama hakikutokea kitu.

Nakiri kwamba sifa za dereva wa daladala zina doa, nalo ni kwamba ana sababu. Mwenye gari hayumo garini. Suka na konda wake wanalichukua alfajiri, na usiku lazima wampelekee bosi hesabu ya siku, kiasi kilichokwishapangwa, abiria wawepo wasiwepo. Mafuta ni juu yao. Faini ya trafiki ni juu yao. Kinachobaki ndicho ugali wa nyumbani, na siku nyingine hakibaki kitu. Kila abiria anayechukuliwa na gari la mbele ni pengo mfukoni, ndiyo maana vipanya viwili vya njia moja vinakimbizana kama vina ugomvi wa mirathi. Basi kikikukata mbele kwa ghafla ili kimpakie mama mwenye ndoo ya samaki, usijipe umuhimu. Hakikuona wewe, kimeona nauli. Hapo ni vibarua wawili wanaogombea nusu mita ya lami, mmoja kwa pedali na mwingine kwa dizeli, na mwenye kufaidika yuko kwake anatazama mpira. Matusi ya suka ni ya kikazi. Huwezi kumwita mfadhili mtu anayekubana kwa shida zake.

Fadhili tupu utaikuta kwa mwenye gari binafsi. Vioo vyeusi, kiyoyozi, muziki wa taratibu. Hana hesabu ya bosi, hana abiria wa kugombea, pengine yeye ndiye bosi. Ananipita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi akiwa karibu kunigusa kiwiko kwa kioo chake, honi imeganda, kisha anafika taa za Morocco na kusimama, kwa kuwa mbele yake kuna foleni inayofika upeo wa macho. Nami nafika. Naweka mguu chini pembeni ya dirisha lake. Taa zikiruhusu ananipita tena kwa ari ileile, na Makumbusho tunaonana. Jioni ya foleni kubwa tunaweza kuagana na kukutana hivi hadi Mwenge, mpaka naanza kumjua kama jirani: napajua palipokwaruzwa bampa lake, najua mtoto wake anasoma wapi kwa ile stika ya nyuma. Na kila mara ananipita kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, mafuta yanaungua, ukanda wa breki unaliwa, damu inampanda. Anapata nini? Hapati kitu. Mwenye kutoa mali yake na afya yake kwa ajili ya mtu asiyemjua, bila kutaraji kurudishiwa, vitabu vyote vinamwita mja mwema.

Tena anatoa ushauri. Siku za joto kali, kioo kikiteremka, hutoka sauti: "Nunua gari!" Wenzangu huona ni dharau. Mimi niliutafakari ushauri ule kwa makini, kutoka Victoria hadi Sayansi, na nikauona uzito wake. Tuseme sote tumtii. Muuza madafu anunue gari, fundi wa viatu anunue, mlinzi wa zamu ya usiku anunue, mimi ninunue. Kesho yake, pale Morocco, nafasi niliyokuwa nikiichukua pembeni, isiyozidi upana wa mabega yangu, inakuwa gari zima mbele yake, na mbele ya langu la fundi, na mbele ya la fundi la mlinzi. Anafika kwake saa nne usiku. Yaani mtu huyu anatutakia maendeleo ambayo yatamziba yeye mwenyewe. Wangapi wana moyo huo?

Nalisema pia hili, wenzangu wakasirike wakitaka: hana upendeleo. Tunao miongoni mwetu wanaokuja upande usio wao, usiku, bila taa wala kioo cha kuakisi, mkono mmoja usukani na mwingine umeshika simu. Hao wanabanwa. Tunao wanaosimama kwenye taa nyekundu, wanaonyoosha mkono kabla ya kukata kona, waliovaa kofia ngumu na fulana inayong'aa hadi Kibaha. Nao wanabanwa, kwa kipimo kilekile.

Maadui wa neema hii hawakosekani. Mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kubeba abiria mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ulileta kando ya Barabara ya Morogoro njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Nilihofu kwamba sasa tutatenganishwa na walimu wetu. Hofu ya bure. Njia ni nzuri, na kitu kizuri hupendwa na wengi: bodaboda zinazokimbia foleni, bajaji inayorudi ilikotoka, mama ntilie na masufuria yake, gari la mteja wa duka la spea lililoegeshwa dakika mbili tangu asubuhi. Mwendesha baiskeli akiingia humo anatazamwa kama mvamizi. Anarejea lamini mwenyewe, kwa hiari. Kuna UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa jijini, ambao kwa miaka wamekuwa wakidai njia hizo ziwepo na zilindwe. Watu wema, lakini hawajafikiri matokeo.

Watazame Waholanzi. Mwaka 1971 barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, watoto zaidi ya 400 wakiwamo. Wazazi wakaingia mitaani, wakaziba njia, wakakiita chama chao kwa jina lisilo na adabu, Komesheni Mauaji ya Watoto, na hawakunyamaza mpaka magari yakapunguziwa nafasi na baiskeli zikapewa zake. Leo mtoto wa Amsterdam anakwenda shule kwa baiskeli bila kujua dua hata moja ya safari. Mark Rutte alikuwa akionekana akienda kazini kwa baiskeli, tufaha mkononi, na akaiongoza nchi karibu miaka 14. Waziri mkuu! Bila hata kuonja kipanya. Atajua nini kuhusu maisha?

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na karibu asilimia 6 kati yao ni waendesha baiskeli. Hiyo inapita watu 70,000, uwanja wa Mkapa ukijaa hadi juu na wengine wakibaki mlangoni. Hapa msifu anakohoa kidogo, anakunywa maji, anageuza ukurasa.

Limebaki suala la zawadi, kwani kusifu bila kutuza ni maneno ya mdomoni. Cheti hakifai, atakiweka kwenye dashibodi na kitamzuia kuona. Fedha anazo, au akipewa zitaishia kwenye hesabu ya bosi. Napendekeza tumchangie baiskeli. Iwe ile nzito, ya chuma, yenye keria pana nyuma, na juu ya keria tumfungie kwa mpira trei 10 za mayai, mayai 300, kama wafanyavyo vijana wanaosambaza madukani. Akabidhiwe Mbagala Rangi Tatu, Jumatatu, saa moja asubuhi, aipeleke Kariakoo kwa Barabara ya Kilwa, njia ambayo daladala zake ni hodari kupita zote. Tusiwaambie madereva wenzake kuwa ni yeye. Tusimnyime hata honi moja. Mayai atakayofikisha yakiwa mazima ni yake.