Stelingi ya Benzi Kuukuu na Wachunguzi Wake wa Kisumu

Pawa stelingi ya gari kuukuu ikipata joto mjini Kisumu, vyanzo vya joto hilo huwa vingi sawasawa na idadi ya watu waliosimama kando ya boneti iliyofunguliwa. Muuza oili husema ni oili, fundi wa kuchomelea husema ni bomba, dereva wa tuktuk, ambaye chombo chake huongozwa kwa mikono ya chuma na hakijui pampu ni kitu gani, husema ni uzee, na mpita njia aliyekuwa akienda zake sokoni Kibuye husema ni jua. Wote hao hukosea kwa namna moja, kwani kila mmoja hulitazama gari kupitia riziki au safari yake, ilhali mtuhumiwa mkuu amekaa ndani, kioo kimeteremshwa, ameshika usukani kwa mikono miwili.

Gari linalozungumziwa hapa ni Mercedes-Benz ya muundo wa W123, uliotengenezwa kuanzia 1975 hadi mwanzoni mwa 1986, kipindi ambacho takribani magari milioni 2.7 ya aina hiyo yalitoka kiwandani. Pawa stelingi, yaani mtambo unaotumia nguvu ya mafuta kumsaidia dereva kukata kona, ilijaribiwa na mhandisi Mmarekani Francis Davis katika miaka ya 1920, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuiuza kwa umma ndani ya gari lake la Imperial. Kando ya Ziwa Victoria, Benzi ya namna hii aghalabu huwa mali ya jaduong', kama Wajaluo wanavyomwita mzee wa heshima, ambaye amestaafu kazi lakini hajastaafu kuonekana. Peugeot 504, iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, haikuwatia wengi wa wamiliki wake katika mtihani huu, kwa sababu nyingi kati ya gari hizo zilikatwa kona kwa nguvu za mabega, na kilichopata joto kilikuwa dereva.

Utendaji wa mtambo wenyewe si mgumu kueleza. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta hadi kwenye boksi la stelingi ambamo msukumo wake husaidia kugeuza matairi, kisha mafuta hurudi kwenye kopo la akiba na kuanza safari upya. Dereva akikata usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo, matairi hayana tena pa kwenda, lakini pampu haina habari hiyo. Huendelea kusukuma mpaka valvu ya usalama, yaani kizibo chenye springi kinachofunguka msukumo ukizidi, iyapishe mafuta yazunguke bure. Nguvu ambayo haikugeuza tairi haipotei, bali hugeuka joto: pampu inayosukuma lita 8 kwa dakika kwa kanieneo ya baa 80, ambayo ni kama mara 80 ya kanieneo ya hewa ya kawaida, huyapa mafuta joto la takribani wati 1,000, yaani mzee huyo anatembea na pasi ya umeme iliyowashwa chini ya boneti na hana hata shati la kunyoosha.

Mahali ambapo kosa hili hutendwa kwa ustadi mkubwa ni Dunga, ufuo wa wavuvi usio mbali na katikati ya mji, ambako watu humiminika Jumapili kula samaki na magari hubanana hadi milango haifunguki. Benzi hiyo ndefu huingizwa katika nafasi iliyokusudiwa gari la nusu yake, huku kijana wa kuelekeza magari akipaza sauti, "Jaduong', kata yote! Shikilia hapo hapo! Kuja, kuja, kuja!", naye jaduong', ambaye nyumbani haamrishwi na mtu, hutii neno kwa neno. Pampu huguna, kisha hulia, na wasikilizaji hudhani ni mtumbwi wa mashine unaoondoka. Harufu ya mafuta yaliyoungua, ambayo kwingineko ingemshtua dereva yeyote, hapa hukutana njiani na harufu ya ngege anayekaangwa, na imetokea mwenye gari kushuka akiwasifu wapishi kwa moshi uliokuwa wake mwenyewe. Mlo ukiisha, shughuli yote hurudiwa kinyumenyume, safari hii tumbo likiwa limeshiba na jua la saa nane likiwa kichwani.

Baada ya hapo gari hufikishwa kwa fundi wa jua kali, na ndipo uchunguzi unapoanza rasmi.

"Jaduong', pampu imekufa."

"Omera, juzi ulisema ni mkanda."

"Mkanda ndio uliiua."

Katika jibu hilo mna elimu kuliko inavyodhaniwa, kwa maana mkanda uliolegea, au uliolowa baada ya gari kuoshwa ufuoni na injini kumwagiwa maji ya ziwa, huteleza na kuchemsha puli, yaani gurudumu la pampu unalolizungusha. Hata hivyo, kabla ya pampu kuzikwa, busara ni kufungua kopo lake. Kifuniko hushikwa na nati moja yenye masikio mawili, inayofunguka kwa vidole bila spana. Chini yake mna springi, na chini ya springi mna chujio la karatasi ambalo wenye Benzi wengi hufa bila kujua kwamba walikuwa nalo. Mafuta mazima ya aina inayotiwa katika giaboksi za otomatiki huwa mekundu na huteleza kati ya vidole. Yakiwa ya kahawia na yananuka, yamepikwa. Yakitoa povu, yamevuta hewa kwenye kiungo kilicholegea. Na kama mtu aliongeza mafuta ya breki kwa hoja kwamba mafuta ni mafuta, sili za mpira zitavimba na kulainika, na hapo hata fundi mkweli atasema pampu imekufa.

Lipo pia suala la bomba la kupoza, ambalo katika baadhi ya magari ya zama hizo hukunjwa mbele ya rejeta ili lipigwe na upepo. Likianza kuvuja, wapo mafundi wanaolikata na kuunganisha ncha kwa ncha, ambapo mvujo hupona siku hiyo hiyo na homa huanza wiki inayofuata.

Tiba kamili basi ni chujio jipya, mafuta mapya ya aina yake, mkanda uliokazwa, na usukani usioshikiliwa mwishoni kwa zaidi ya sekunde 5. Matatu ya kwanza hununuliwa. La nne humtaka jaduong' aegeshe mbali na wenzake, palipo na uwanja wa kuingia na kutoka bila kukata kona yote, naye sasa hufanya hivyo kila Jumapili huko Dunga, ambako kijana wa kuelekeza magari, akiona Benzi imelala kimshazari peke yake, humtoza ada ya nafasi mbili.