Duka Limeniazima Spana

Minneapolis, Minnesota

Mjomba, na ninyi wengine wa Tandika mtakaosomewa barua hii:

Nimeamua kuandika, maana haya nikiwatumia kwa sauti kwenye kikundi cha ukoo mtasema nimeanza kulewa. Leo duka la vipuri limeniazima spana. Hawanijui, hawamjui baba yangu, lafudhi yangu yenyewe ilimfanya kijana wa kaunta aniombe nirudie mara mbili. Unaacha amana sawa na bei kamili ya kifaa, unaenda nacho nyumbani, ukikirudisha unapewa pesa yako yote, hata senti haipungui. Nikamuuliza, sasa ninyi mnapata nini? Akanionyesha pedi za breki nilizokuwa nimezishika mkononi. Hapo nikamwelewa. Yule fundi wetu wa Gerezani, ukimwomba spana hata ya kuishika tu, alikuwa anakuuliza kwanza unakaa mtaa gani na utarudi lini.

Mtauliza mimi na spana tumekutania wapi. Nyumbani mchango wangu kwenye breki ulikuwa kukaa kwenye benchi na soda, na kusema kila baada ya muda, "Fundi, usinifungie feki." Lakini huku ufundi unatozwa kwa saa, na saa moja ya fundi ni ghali kuliko pedi zenyewe. Nilipoandikiwa bei ya breki za mbele peke yake, nilikunja ile karatasi nikaitia mfukoni taratibu, kama mtu anayekwenda kushauriana na mkewe. Sina mke, mnajua.

Nikaamua nifanye mwenyewe, na tatizo la kwanza likawa mahali. Mkataba wa nyumba ninayopanga unakataza kutengeneza gari kwenye maegesho. Ikabidi niombe kwa rafiki yangu Mkongo, mtu wa Bukavu, mwenye nyumba na gereji yake. Anafanya zamu ya usiku, kwa hiyo alinifungulia mlango, akanionyesha jeki na stendi zake mbili, akarudi kulala. Stendi hizo ndizo zinazobeba gari. Jeki kazi yake ni kuinua tu. Tofali na rimu kuukuu, Mjomba, usiziseme huku.

Nilikuwa nimenunua seti ya soketi kwa fahari kubwa, boksi zima linalong'aa. Nusu yake haina kazi. Wamarekani wanapima kwa inchi, Toyota inapima kwa milimita, kwa hiyo seti inakuja na koo zote mbili. Ya inchi tisa kwa kumi na sita inaingia kwenye bolti ya 14 vizuri tu, ikichezacheza kidogo, na ule mchezo ndio unaokula pembe za bolti mpaka ikabaki duara. Nikachukua 14 yenyewe, ya pembe sita. Zile za pembe kumi na mbili huingia kwenye bolti haraka, lakini kwenye kutu huteleza. Na hapo mnisaidie kushangaa: soketi ya milimita 14, tundu lake la nyuma la kuingizia mpini ni nusu inchi! Kichwa Mjapani, mkia Mmarekani. Nilipoishika ile 14 nikasikia kabisa sauti ya Gerezani, "Lete kumi na nne! Si hiyo, kumi na nne!"

Sasa hiyo spana ya kuazima. Wanaiita tokirenchi. Ni fimbo ya chuma ya urefu wa mkono, mpini wake una namba kama rula. Unazungusha mpini mpaka namba unayotaka, unakaza nati, na ikifika kiwango, chuma kinalia "tak" na kukushtua mkono. Hapo unaacha. Moyo ukikuambia ongeza kidogo, unaukatalia. Nati za tairi za Corolla yangu ya 2010 zinataka futi-pauni 76, yaani nyutoni-mita 103. Bolti mbili zinazoshika kalipa zinataka futi-pauni 25 tu, kitu ambacho Mjomba ungekaza huku unaongea na simu. Halafu ina masharti kama dawa ya mganga: usiitumie kulegeza nati, usiiangushe, na ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa ndipo uilaze kwenye boksi lake, la sivyo springi inachoka na inaanza kusema uongo. Fundi wetu alikuwa anapanda juu ya wili-spana kwa miguu yote miwili, anachezacheza, anashuka, anasema, "Hiyo haitoki." Na kweli ilikuwa haitoki. Siku ya pancha tulitafuta bomba na wanaume watatu.

Kuivua diski ya breki ndiko kulikonitoa jasho. Huku majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inashikanisha chuma na chuma. Nilipiga nyundo mpaka nikamwonea huruma Mkongo aliyelala. Kumbe diski ina matundu mawili madogo: unaingiza bolti za milimita 8, unazikaza kwa zamu, zenyewe zinaisukuma itoke. Kalipa nikaining'iniza kwa waya, isivute paipu yake. Pistoni nikairudisha ndani kwa jiliwa, na kabla ya kuwasha gari nikakanyaga pedeli mpaka ikawa ngumu.

Lakini Mjomba, kazi ile ilikuwa kimya sana. Kwetu gari ikipigwa jeki tu, watu washafika: mmoja anasema ni beringi, mwingine anasema mafuta ya breki si yenyewe, mtoto ameshika tochi anamulika mawingu. Mtaa huu kapita mtu mmoja na mbwa wake. Akatupungia mkono mimi na Corolla, akaenda zake. Hata "vipi, breki?" hakusema.

Jumamosi ijayo ni zamu ya breki za nyuma, za ngoma, zimejaa springi. Nitaanza saa nne asubuhi ya huku, kwenu ni saa kumi na mbili jioni. Nipigieni. Hamna haja ya kujua ufundi. Nitaweka simu juu ya tairi, ninyi mbishane tu.