Hakuna Aliyenidanganya

Winga wa Kariakoo hana duka, hana stoo, hana hata kiti. Mtaji wake ni miguu na macho, na macho yenyewe hukusoma mfuko kabla hujafungua mdomo. Wangu alinidaka nashuka mwendokasi pale Msimbazi.

"Mzee wangu, unatafuta nini? Simu, TV, kompyuta?"

"Kompyuta."

"Bajeti?"

Nikataja laki mbili na nusu. Akanyamaza kidogo, akanipa pole kwa macho, kisha akasema, "Twende, kuna chimbo."

Kwa laki mbili na nusu, laptopu mpya huiulizii bei. Unapita mbele yake ukiwa umeangalia upande wa pili. Laptopu ya mtumba unaweza kuipata, ila betri yake itashika chaji kwa muda wa kuandika jina lako na la baba yako. La babu utamalizia ukiwa umechomeka ukutani. Kinachobaki ni mashine za mezani zilizostaafu huko Ulaya. Ofisi za wenzetu hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache, zile za zamani zikapakiwa kwenye makontena, nyingine zikapitia Dubai, zikatua huku zikiwa bado na vibandiko vya namba za mali za wenyewe. Sipiyu niliyoonyeshwa ilikuwa na kibandiko cha Kijerumani ubavuni. Nilikisugua baadaye kwa mafuta ya taa na hakikutoka, kwa hiyo kwenye daftari la ofisi fulani kule huenda bado nahesabika kama mwizi.

Ndani yake kulikuwa na Core 2 Duo, aina ya prosesa ambayo Intel waliitoa mwaka 2006, ramu ya GB 1 na disiki ya GB 160. "Inafanya kazi?" nikauliza. Muuzaji akaichomeka kwenye skrini yake, kwa waya wake, na kibodi yake. Ikawaka. "Si unaona, bosi?" Niliona. Hakunidanganya, na naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu, maana tangu mwanzo hadi mwisho wa mkasa huu hakuna hata mtu mmoja aliyenidanganya. Afadhali wangenidanganya. Ukidanganywa unarudi dukani, unapiga kelele, watu wanajaa, unarudishiwa hata nusu. Ukiambiwa ukweli vipandevipande na watu tofauti, utamrudia nani?

Wa skrini alisema haina mstari hata mmoja. Kweli, haikuwa nao: flati ya inchi 17, wala si ile ya chogo. Waya wa kuiunganisha na sipiyu, ule wenye kichwa cha bluu na pini 15, aliuuza mtu wa tatu, ghorofa nyingine. Kibodi na mausi nikapata chini kwenye meza ya barabarani. "Vitufe vyote vinabonyea," kijana akaniambia, akanibonyezea kimoja kimoja hadi nikaona aibu. Vilibonyea vyote.

Nyumbani ndipo nilipogundua kwamba waya wa umeme wa sipiyu nao ulikuwa Mjerumani, na plagi ya pini mbili nene za mviringo, wakati soketi zetu ni za pini tatu tulizoachiwa na Waingereza. Kila Mtanzania anaijua ile dawa ya kusukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu mpaka matundu ya chini yafunguke. Kwa pini nyembamba dawa hiyo inatibu. Kwa zile zangu haikutibu, na kalamu ikavunjika. Katika kuhangaika nikaona kwamba kichwa kinachoingia nyuma ya sipiyu ni kilekile kinachoingia kwenye jiko letu la umeme la kupikia wali. Nikaufuata waya jikoni.

"Baba, hiyo kompyuta itatupikia?" mama watoto akauliza kwa upole, na mimi upole wake naujua.

Tukaunda serikali ya mseto. Kompyuta ilitawala mpaka saa tano asubuhi, kisha wali ukashika madaraka.

Fundi wa mtaani alijitolea kuniwekea Windows 7 "ya bure kabisa". Nikamkumbusha kwamba Microsoft wenyewe waliacha kuipelekea masasisho ya usalama tangu Januari 2020. Akanitazama kwa huruma, akasema kompyuta yenyewe ni ya enzi hizo, zitaelewana. Nikashikilia Linux Mint, ambayo ni bure kwa ruhusa ya wenyewe, na yeye kwa kuwa si mtu wa kununa akanitengenezea flashi. Tatizo ni kwamba Mint inataka ramu isiyopungua GB 2. Nikarudi Kariakoo. "Ramu ya desktopu, GB 2, nzima," akasema muuzaji, na vyote vitatu vilikuwa kweli. Ilikuwa DDR3, kumbe ubao wangu unakula DDR2. Ukizilaza mezani huwezi kuzitofautisha: urefu mmoja, miguu 240 kila moja, ila pengo la katikati limesogezwa kidogo tu, kiasi cha kuzuia ndoa. Ile ya zamani niliyobadilishiwa ikawa ghali kuliko mpya, kwa kuwa zimeadimika. Ilipogoma kuwaka na kuanza kulia pii pii, fundi aliichomoa, akaomba raba ya penseli ya mwanangu, akazisugua zile pini za dhahabu mpaka zikang'aa. Ikawaka. Nimesoma mengi kuhusu kompyuta, lakini sijaona kitabu kilichoipa raba heshima inayostahili.

Basi ikawa nzima, isipokuwa kwamba ilikuwa ikiishi mwaka 2007. Kila umeme ukikatika, au LUKU ikiisha, mashine ikiwaka tena inasema leo ni tarehe 1 Januari 2007. Kwenye ubao kuna kibetri cha duara, CR2032, upana milimita 20 na unene milimita 3.2, ambacho kazi yake ni kuitunza saa wakati umeme haupo. Changu kilikuwa kimekufa, huenda hukohuko Ujerumani. Ukiingia mtandaoni kwa tarehe ya 2007, kila tovuti inakufungia mlango, maana vyeti vyake vya usalama vinahesabika kuwa bado havijaanza kutumika. Kompyuta yangu ilikuwa bado chini ya awamu ya nne. Ningefaidi kama na bei ya sukari ingerudi nayo.

Sasa kibodi. Mimi huandika kwa vidole viwili, macho kwenye vitufe. Kibodi ile nayo ilikuwa ya kwao, na Wajerumani wamebadilishana Y na Z mahali. Kompyuta ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Kimarekani, hivyo nikibonyeza Y inatoka Z, na Z inatoka Y. Zanzibar ikawa Yanyibar. Alama ya @ sikuipata kabisa palipochorwa. Nilikuwa nainakili kutoka barua za zamani na kuibandika.

Mimi ni katibu wa chama chetu cha kusaidiana hapa mtaani, kilichoanzishwa mwaka 2016, na kompyuta niliinunua ili niache kuandika mihutasari kwa mkono. Muhtasari wa kwanza niliuandika saa tano kasoro, mama watoto amesimama mlangoni na bakuli la mchele. Tarehe niliiacha mashine iweke yenyewe. Mistari myekundu ya LibreOffice niliiona, lakini programu hiyo hupigia mistari hata majina ya wajumbe, nani angeijali? Isitoshe kamusi yake ya Kiswahili itakukamata ukiandika "nzumba", ila "za" ni neno halali, inaliacha lipite. Nikachapisha nakala kwenye steshenari, nikazigawa.

Wajumbe wakasoma kwamba tarehe 1 Januari 2007, "akaunti za chama imekaguliwa na mweka hayina mbele za mwenzekiti."

Kilichofuata sitakieleza chote. Mweka hazina alisimama kuuliza ni nani anamwita hayina. Mwenyekiti akataka kujua hizo akaunti nyingine ziko benki gani. Mzee mmoja ambaye huwa anasinzia tangu dua ya kufungua hadi ya kufunga aliamka kabisa, akavaa miwani, akasema alikuwa anahisi siku nyingi.

Nikakimbia nyumbani nikaileta kibodi kama kidhibiti. Ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akabonyeza kujiridhisha, na kijana mmoja akavichomoa vile vitufe viwili kwa ncha ya funguo akavibadilishana palepale. Mweka hazina akasafishwa jina kwa makofi. Kuhusu mwaka 2007 nikatoa mfukoni kile kibetri kilichokufa, nikaeleza habari ya saa. Mwenye pikipiki akasema cha rimoti yake kinafanana na hiki, akauliza kama nakiuza.

Nilidhani tumemaliza. Bibi mmoja mnene wa safu ya nyuma, mwanachama hodari wa kulipa ada kwa wakati, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa katibu, haya yote tumekuelewa. Lakini kama akaunti ipo tangu 2007, riba yake ya miaka yote hiyo iko wapi?"

Mwenyekiti ameliweka swali hilo kwenye ajenda za kikao kijacho, namba mbili, baada tu ya kusoma muhtasari.