Hiace Iliyopata Madaktari Wengi

Hiace moja ya dizeli inayobeba wanafunzi huko Tegeta, Dar es Salaam, haikuhitaji kupiga honi getini. Ikisimama tu, injini ikiwa sailensa, vioo vinalia, siti ya nyuma inagonga bodi, na chupa ya maji iliyowekwa juu ya dashibodi inaanza safari yake taratibu kuelekea upande wa konda. Dereva akikanyaga mafuta kidogo, kimya. Gari linatulia utadhani lilikuwa likitania.

Mwanafunzi wa darasa la pili ndiye aliyeuliza la maana kuliko wote: "Anko, mbona likisimama linatetemeka, likienda halitetemeki?"

Jibu lake ni hesabu. Injini ya Hiace hii, aina ya 5L, ina ujazo wa lita 3 na silinda 4, na kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Sailensa ikiwa mizunguko 750 kwa dakika, silinda zote kwa pamoja zinawaka mara 25 kwa sekunde. Moja ikigoma, pengo linajirudia mara 6 hivi kila sekunde, na mwendo huo wa polepole ndio unaotikisa bodi. Tena, kwenye sailensa kila silinda hupewa tone dogo sana la dizeli, kwa hiyo nozeli ikikosea kidogo tu, kosa linaonekana. Mizunguko ikipanda, flaiwili inazidi nguvu na kuficha aibu yote.

Watu wazima hawakuwa na muda wa hesabu. Walikuwa na majibu.

Mlinzi wa geti alisema mafuta yamechakachuliwa. Hakuwa mjinga: nchi hii iliteswa na uchakachuaji hadi mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili wachanganyaji wakose faida. Lakini silinda zote 4 zinakunywa kutoka tangi moja. Dizeli mbovu haichagui silinda ya kuonea, na mtetemo huu ulikuwa na mapigo yaleyale, bila kukosea.

Jirani mwenye gari dogo la petroli alishauri plagi zibadilishwe. Dizeli haina plagi za cheche. Tangu Rudolf Diesel alipofanikisha injini yake kule Augsburg mwaka 1897, kazi ya kuwasha mafuta imekuwa ya hewa iliyoshindiliwa mpaka ikawaka joto. Plagi za hita zipo, ila kazi yake kubwa ni asubuhi injini ikiwa ya baridi. Zikifa, gari linasumbua kuwaka. Haligomi mchana kutwa.

Akaja kijana na kompyuta. Alilala chali chini ya usukani, akapapasa na tochi mdomoni, akitafuta pa kuchomeka waya. Pampu ya 5L hii ni ya kimakanika na haina la kuongea na kompyuta. Alitoka na penseli mbili, kifutio na ganda la ubuyu.

Fundi wa gereji ya jirani akabadilisha mauntingi. Kweli zilikuwa zimechoka, na kelele zikapungua. Chupa ya maji ikaendelea na safari, ila sasa kwa adabu. Ndipo fundi yuleyule akapendekeza pampu ishushwe. Mama mwenye gari aliposikia bei, alimvutia kiti. "Mwanangu, kaa kwanza unywe chai."

Aliyemaliza ubishi alikuwa fundi mzee mmoja kutoka eneo la Gerezani, aliyekuja na spana namba 17 na kitambaa. Injini ikiwa sailensa, alilegeza kidogo nati ya bomba kwenye nozeli ya kwanza. Mlio ukashuka, injini ikataka kuzima. Akakaza. Ya pili, vilevile. Ya tatu: dizeli ikachuruzika kwenye nati, injini haikushtuka hata kidogo. Silinda ya tatu ilikuwa abiria.

Hakukimbilia dukani. Alibadilishana nozeli ya pili na ya tatu, akaweka washa mpya, akawasha. Ugonjwa ukahamia silinda ya pili. Kama ungebaki palepale, angeanza kutilia shaka valvu na mgandamizo. Kwenye mashine ya kupimia, nozeli iliyotoka silinda ya tatu, badala ya kupuliza ukungu, ilidondosha matone. Ikabadilishwa, na chupa ya maji ikatulia.

Wenye Hiace mpya za D-4D wasijaribu mchezo huu wa spana. Mgandamizo kwenye mabomba yake unapita baa 1,000, na dizeli ikichomoka hapo inatoboa ngozi na kuingia mwilini; hiyo ni kesi ya hospitali, tena ya haraka. Kwa magari hayo aitwe yule kijana wa kompyuta, kwani humo ataweza kusoma kila injekta inavyofanya kazi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, dizeli yako ikitetemeka kwenye sailensa, kabla fundi hajafungua chochote muulize: "Ni silinda ipi?" Kama hajapima, apime kwanza. Pampu ibaki mahali pake.