Maudhi Madogo Madogo

Presha ni ugonjwa mpole kupita kiasi. Unaingia mwilini kimya kimya, unakaa miaka nenda rudi, hauumi, hauwashi, haukunyimi usingizi. Mtu anapiga pilau lake, anapanda ngazi, anacheza bao mpaka magharibi, kumbe namba zake zinasoma 170 kwa 105. Siku ya kugunduliwa inakuja kwa bahati tu: umempeleka mjukuu kliniki, mashine haina kazi, nesi anakwambia, "Mzee wangu, hebu lete na wewe mkono." Hapo ndipo mateso yanapoanza, na anayeyaleta si ugonjwa. Ni dawa.

Daktari wangu ni kijana mwenye heshima. Huniamkia shikamoo kwanza, ndipo anitishe. Kila ninapomfikishia mashtaka yangu huniangalia kwa huruma na kusema, "Mzee, hayo ni maudhi madogo madogo tu." Madogo kwa nani? Yeye anayaandika kwenye faili, mimi naondoka nayo.

Tuanze na amlodipini, maana ndiyo niliyoanza nayo. Kidonge chenyewe cheupe, kidogo, cha kumeza mara moja kwa siku, hata huruma unakionea. Jioni moja navua soksi nakuta zimeacha mfereji mguuni. Mke wangu, Mama Salma, akaniketisha kwenye kochi, akaweka kidole gumba ugokoni, akabonyeza, akatulia kama anasikiliza redio, kisha akaondoa. Kikabaki kishimo. Tukakiinamia wote wawili kukitazama, nacho kikawa kinajaa taratibu, bila haraka yoyote, kinajua hakina pa kwenda. "Baba Salma," akasema, "miguu imeumuka." Tangu hapo viatu vyangu vya ngozi vimepumzishwa kabatini. Naenda harusini nimevaa suti, chini makubazi, na watu wa upande wa bwana harusi wananisogezea kiti wakidhani nimetoka kulazwa.

Daktari akanieleza. Kidonge hiki hulegeza mishipa inayopeleka damu, lakini ile inayoirudisha haiguswi kwa kiasi hicho. Damu inafika kwa nguvu kwenye vimishipa vyembamba, maji yanavuja na kuingia nyamani, na kwa kuwa maji hufuata mteremko, yanatua kwenye vifundo vya miguu. Nikamwambia basi nipe kidonge cha kukojoza yatoke. Akasema hakisaidii sana kwa uvimbe huu, kwani maji hayajazidi mwilini, yamehama tu mahali pake. Nikamwambia basi kitoe kabisa hiki. Akakataa. Mwaka 2019, akasema, ulitoka utafiti uliofanywa katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, kwa wagonjwa weusi 728, wakapewa vidonge viwili viwili kwa michanganyiko tofauti. Michanganyiko iliyokuwa na amlodipini ndiyo iliyoshusha presha zaidi. Kwa maneno mengine, sayansi imetutafuta mpaka kwetu ili ituthibitishie kwamba tutavaa makubazi.

Alichokubali ni kunipunguzia kutoka miligramu 10 hadi 5, na pengo lile akaliziba kwa enalaprili. Miguu ikapungua. Kikohozi kikaanza.

Kikohozi cha enalaprili hakifanani na kikohozi cha watu. Hakina kohozi, hakina homa, hakina mafua. Kinatekenya koo kwa chini kidogo, mahali ambapo maji hayafiki, na kina tabia ya kusubiri ukimya. Msibani, wakati kila mtu ameinamisha kichwa na dua inasomwa, mimi ndiye ninayejibu mahali pasipo na jibu. Kwenye daladala kina faida moja, nisikifiche: nikikohoa mara mbili mfululizo, jirani yangu anakumbuka kwamba kituo chake kimefika. Tangu enzi za korona sijabanana na mtu kwenye kiti.

Mama Salma akanipa tangawizi, akanipa asali, akanipa limau. Jirani akaleta chupa ya dawa ya kikohozi iliyoachwa na shemeji yake. Havikufua dafu, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nikae chini. Dawa za ukoo wa enalaprili zimetokana na nyoka. Sisemi kwa mafumbo, nasema nyoka hasa, yule wa Brazil anayeitwa jararaca, ambaye akikuuma presha yako huporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wanasayansi wa huko, akiwamo Maurício Rocha e Silva, wakitumia sumu yake, waligundua kitu kinachotanua mishipa ya damu, wakakiita bradikinini. Mwanafunzi wake, Sérgio Ferreira, akaibeba sumu ile hadi London miaka ya 1960. Baadaye wataalamu wa kampuni ya Squibb kule Marekani wakaigiza kazi ya sumu hiyo kwa kidonge, kaptoprili, kilichoruhusiwa kuuzwa nchini humo mwaka 1981. Enalaprili ni mdogo wake.

Kidonge hiki hukizuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza kemikali ya kubana mishipa. Vizuri sana. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho hicho ndicho pia kinachoifagia bradikinini. Ukimfunga mfagiaji, bradikinini inalundikana mapafuni na koo linawasha. Tangawizi itafanya nini hapo? Nilipomsimulia Mama Salma habari ya nyoka hakushangaa hata kidogo. Alisema sasa ameelewa kwa nini siku hizi nikiulizwa hela ya mboga nafoka.

Nikabadilishiwa, nikapewa losartani, inayofanya kazi karibu ileile ila haimgusi mfagiaji. Kikohozi kikaondoka chenyewe baada ya wiki kadhaa. Nikaanza kuhudhuria misiba kwa raha. Lakini mashine bado haikuridhika, ikabidi niongezewe cha tatu, na hiki ndicho kidonge cha mkojo. Jina lake kamili ni haidroklorothiazidi, na ukimaliza kulitamka, tayari unataka kwenda.

Waliotengeneza dawa hii hawajawahi kupanda daladala la Mbagala asubuhi. Karatasi inasema imeze asubuhi ili usiamke amke usiku, ushauri mzuri kwa mtu ambaye choo kiko hatua chache kutoka mezani kwake. Mimi namaliza chai, nameza, napanda gari, na foleni ya Barabara ya Kilwa inanipokea. Mahali fulani kabla ya Mtoni nasikia kimeanza kazi. Nabana magoti. Nahesabu bodaboda. "Konda, nishushe hapa." "Mzee wangu, hapa si kituo, trafiki yule pale." "Kijana, nishushe." Abiria wote wanageuka, dereva anapunguza redio ili asikie vizuri, na mama mmoja wa kiti cha nyuma anasema kwa sauti ya huruma inayofika mpaka mbele, "Mshusheni baba wa watu, ana sukari huyo." Sina sukari, mama. Nina dawa ya presha.

Na mzunguko wenyewe hauishii hapo. Nafika kliniki, foleni. Choo kina kufuli, na mwenye ufunguo kaenda kunywa chai. Zamu yangu inafika kibofu kikiwa kimejaa pomoni, nesi ananifunga mkanda mkononi huku akiniuliza habari za nyumbani nami namjibu. Vitabu vyao wenyewe vinasema mtu apimwe baada ya kutulia dakika 5, ameegemea kiti, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, hazungumzi, na awe ametoka haja ndogo, kwa sababu kibofu kilichojaa na maongezi vyote hupandisha namba. Mashine inasoma 158. Nesi anatikisa kichwa: "Mzee, presha haijashuka, huenda ukaongezewa cha mkojo." Sasa hapo nimlilie nani?

Nisisahau mambo mengine ya kidonge hiki. Kinapoteza potasiamu, kwa hiyo misuli ya mguu inakaza usiku na unaambiwa ule ndizi. Kinapandisha asidi ya yuriki, kwa hiyo mwenye jongo akigusa nyama choma Jumamosi, Jumapili kidole gumba cha mguu hakitaki hata kuguswa na shuka.

Yapo na yale ambayo wanaume hatuyasemi kliniki, tunayasema barazani, tena kwa kuzungukazunguka. Mtu anaanza, "Kuna rafiki yangu mmoja anatumia atenololi..." Wote tunamjua huyo rafiki, maana ndiye aliyekaa hapo anazungumza. Dawa za ukoo wa atenololi hutuliza mapigo ya moyo. Mikono na miguu inakuwa baridi, ngazi zinakuwa ndefu, na kwa baadhi ya wanaume chumbani pia panatulia kuliko ilivyokusudiwa. Kidonge cha mkojo nacho kimewahi kushtakiwa kwa kosa hilo, na presha yenyewe hufanya hivyo hivyo ikiachwa, ila yenyewe haina boksi la kulaumiwa. Wanaume wengi huacha dawa hapo, hawamwambii daktari wala mke, na atenololi ukiikatisha ghafla moyo unaweza kwenda mbio na kifua kubana. Wengine hukimbilia kwa wauza nguvu za kiume wenye vipaza sauti. Vidonge vya nguvu hizo vikikutana na dawa fulani za moyo, zile za naitreti za kutuliza maumivu ya kifua, presha huporomoka mpaka mtu hainuki tena.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dunia hii ina dawa ya presha inayootesha nywele. Naapa. Inaitwa minoksidili, ilitoka Marekani kama kidonge mwaka 1979 kwa wenye presha sugu, wagonjwa wakaanza kuota nywele, na mwaka 1988 ikaruhusiwa kuwa dawa ya kupaka kipara. Mimi, mwenye kichwa ambacho kofia inateleza, sikupewa hiyo. Nilimuuliza daktari. Akaniambia kidonge chake huotesha usoni, mgongoni na mikononi bila kuchagua, hukusanya maji mwilini na kuupeleka moyo mbio. Nikatazama makubazi yangu, nikanyamaza.

Ukishaonekana umevimba, unakohoa au unakimbilia chooni, mtaa mzima unafungua duka la dawa. Huyu mlonge, yule kitunguu saumu kwenye maji ya moto, mwingine ukwaju. Fundi seremala wetu aliona nachechemea, akanipa vidonge vyake vya mgongo, diklofenaki, akasema nimeze viwili nitapaa. Daktari aliposikia nusura yeye ndiye apandwe na presha: dawa za maumivu za namna hiyo hushikilia chumvi na maji, hupandisha presha, na huziumiza figo, hasa zikichanganywa na vidonge nilivyo navyo.

Wapo pia wanaosema wazee wetu waliishi vizuri bila vidonge hivi. Basi tumtazame mzee mmoja. Tarehe 12 Aprili 1945, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alisema kichwa kinamuuma vibaya, akazimia, na jua halijazama alikuwa amefariki kwa damu kuvuja ubongoni. Presha yake siku hiyo ilipimwa 300 kwa 190. Alikuwa na daktari wa moyo wa kwake peke yake, lakini daktari huyo hakuwa na chochote cha maana cha kuishusha presha hiyo zaidi ya kumpunguzia chumvi, sigara na kazi. Miaka hiyo hiyo, katika Chuo Kikuu cha Duke, daktari Walter Kempner alikuwa akiwalisha wagonjwa wa presha wali, matunda, juisi na sukari, basi. Presha za baadhi yao zikashuka kweli. Lakini wali bila chumvi, bila nazi, bila mchuzi, mchana na usiku? Mtu wa Pwani angechagua presha.

Mimi leo kile ambacho rais yule hakukipata nakipata duka la dawa la mtaani, pamoja na salamu. Kiharusi hakina karatasi ya maudhi ndani ya boksi, lakini nimewaona wenzangu wa baraza kiliowapitia, na hakuna hata mmoja aliyebaki na uchaguzi kati ya viatu na makubazi.

Hukumu yangu ni hii, nawe msomaji mwenye vidonge vyako mezani uichukue. Haki ya kulalamika tunayo, tuitumie, ila tulalamike kwa mwenye kalamu ya kubadilisha dawa, tusiishie barazani. Miguu ikivimba, mwambie. Ukikohoa, mwambie. Chumbani pakitulia, mwambie hasa, kwani vipo vidonge vingine na yeye hawezi kubahatisha. Midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla, hilo si la kusubiri siku ya kliniki: usimeze kingine, kimbia hospitali saa ileile. Mengine yote nung'unika upendavyo, lakini kidonge cha leo kimeze kwanza.