Sifa za Mla Matanga

Watu wa mji wa Turbo, Bonde la Ufa, hubishana kuhusu bei ya mahindi, siasa za kaunti na Arsenal, ila kuna jambo moja wanalokubaliana bila kupigiwa kura: mwandishi wa michezo anayejitokeza bingwa wetu anapoanguka ni mla matanga. Siku ya kumpokea bingwa kwa maziwa ya mursik hakuwapo. Hakuonekana uwanja wa ndege wa Eldoret bingwa aliposhuka akavishwa sinendet shingoni. Lakini maabara ikituma barua tu, huyo hapo, ameshakodi gari, ameshapata mkalimani, na kabla ya wiki kwisha ameuza makala. Sisi tunalia, yeye anashiba. Mtu huyu nataka kumsifu. Kumvumilia hakutoshi, wala kusema kwamba naye ana watoto wa kulisha. Katika biashara nzima ya mbio za Bonde la Ufa, simwoni mwingine ambaye faida yake humlazimu kuutafuta ukweli.

Tuanze na kisa kilichochemsha damu zaidi. Tarehe 13 Oktoba 2024 Ruth Chepngetich alishinda marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia chini ya saa 2:11, seuze 2:10. Rekodi iliyokuwapo, ya Tigst Assefa wa Ethiopia, ilikuwa 2:11:53. Huku kwetu ilikuwa Jumapili jioni, yapata saa kumi na moja na dakika arobaini, saa ya chai ya pili kwenye hoteli za barabara ya Malaba. Chepngetich akamtunukia rekodi hiyo Kelvin Kiptum, aliyeweka ya wanaume katika mitaa hiyohiyo mwaka mmoja kabla, kisha akafa kwa ajali ya gari Februari 2024. Furaha na msiba vilikuwa vimekaa pamoja, na katika kikao cha wanahabari Robert Johnson, mmoja wa ndugu pacha walioanzisha LetsRun, tovuti ya mbio ya Marekani, akainua mkono. Angewaambia nini watu wanaodhani kwamba kasi ile imepita kiasi, na kwamba huenda kuna dawa ndani yake? Bingwa akajibu kwamba yeye hajui, watu hawakosi la kusema. Swali halikumaliza dakika moja. Hasira zilidumu siku nyingi. Shirikisho la Riadha Kenya likamkingia bingwa kifua, wanasiasa wakadandia, na hukumu ya vijiweni ikawa moja: yule Mmarekani anatafuta wasomaji kwa jasho letu.

Kuwatafuta, alikuwa anawatafuta. LetsRun huishi kwa wasomaji, na swali kama lile huwaleta wengi kuliko pongezi. Lakini hebu tuwahesabu waliokaa mezani siku ile. Mshindi alikuwa na dola 100,000 za zawadi na nyingine 50,000 za kuvunja rekodi ya mbio hizo. Wakala alikuwa na asilimia yake. Kampuni ya viatu ilikuwa na tangazo ambalo fedha haiwezi kulinunua. Waandalizi wa Chicago walikuwa na rekodi ya pili ya dunia katika miaka miwili. Mwanasiasa alikuwa na picha. Gazeti la nyumbani lilikuwa na ukurasa wa mbele. Wote hao ni wala harusi, na mla harusi hasemwi, kwa sababu anakula akicheka nasi. Tazama lakini kinachowaunganisha: kila mmoja angepata hasara kama swali la Johnson lingepata jibu baya. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Aliyeuliza ni yule ambaye jibu lolote, zuri au baya, lingemlipa. Tunamlaumu kwa kukosa haya, na kumbe haya ndiyo iliyowafunga wengine midomo.

Miezi tisa baadaye, tarehe 17 Julai 2025, AIU, kitengo kinachosimamia uadilifu wa riadha duniani, kikatangaza kwamba Chepngetich amesimamishwa. Sampuli yake ya 14 Machi ilikuwa na HCTZ, dawa ya kukojoza ambayo wagonjwa wa presha huandikiwa na madaktari, lakini ambayo mwanariadha haruhusiwi kwa kuwa inaweza kuficha nyingine. Maabara hutakiwa kuripoti kuanzia nanogramu 20 kwa mililita. Mkojo wake ulikutwa na 3,800. Kwanza alisema hajui ilikotoka. Baadaye akaeleza kwamba aliugua, akameza dawa za msaidizi wake wa nyumbani, akasahau kusema. Oktoba akafungiwa miaka mitatu. Hapa mtetezi wa mla matanga hushikwa na hamu ya kupiga vigelegele, na ni heri ajizuie. Sampuli ya Machi haithibitishi lolote kuhusu Oktoba iliyotangulia, na muda wa Chicago haukufutwa pamoja na matokeo yaliyofuata Machi. Johnson hakuwa nabii. Ukimsifu kwa kutabiri, itakubidi umlaani siku atakapomuuliza hivyohivyo mtu asiye na hatia. Sifa ninayompa ni ndogo zaidi, na kwa sababu hiyo haivunjiki kirahisi: alisema kwa sauti jambo ambalo Turbo yenyewe hulisema kwa kunong'ona, kinyozini na kwenye matatu, kila kijana wa jirani anapojenga ghorofa baada ya msimu mmoja.

Mla matanga mkubwa kuliko huyo ni Mjerumani, Hajo Seppelt wa televisheni ya ARD. Mwaka 2012 alikuja hapa, na Mathew Kisorio, mkimbiaji wetu aliyekuwa amepatikana na dawa mwaka huohuo, akamweleza kwamba hakuwa peke yake. Wakubwa wa riadha wakakana, na mashabiki wakakana pamoja nao: wivu wa wazungu, wakasema. Kisha Rita Jeptoo, malkia wa Boston na Chicago, akakutwa na EPO, dawa ya kuongeza damu, mwaka 2014. Novemba 2015 wanariadha wenyewe waliwafungia viongozi nje ya Riadha House, makao ya shirikisho jijini Nairobi, wakilalamikia ufisadi na jinsi suala la dawa lilivyoshughulikiwa. Mwaka 2016 tukapata sheria ya kupambana na dawa hizo, na hata hivyo WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, ikatutangaza kuwa hatujatimiza masharti. Mwaka uliofuata Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, naye akapatikana na EPO. Sisemi Seppelt ndiye aliyeyaleta yote. Nasema alipoambiwa ni mwongo, miaka ikamjibia.

Ila jambo ambalo mashabiki wetu hawapendi kukumbushwa ni hili. Filamu kubwa ya Seppelt, ile ya Desemba 2014, ilihusu Urusi hasa. Ndani yake Mariya Savinova, bingwa wa Olimpiki wa mita 800, alisikika katika video ya siri akizungumzia dawa alizotumia. Savinova akavuliwa dhahabu ya London 2012. Katika fainali ile, wa nne alikuwa Pamela Jelimo wetu, aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Kwa kuanguka kwa Mrusi, akapanda jukwaani kwa njia ya barua. Janeth Jepkosgei naye, aliyekuwa wa tatu Daegu mwaka 2011 nyuma ya huyohuyo Savinova, akasogea juu. Asbel Kiprop alipata dhahabu ya Beijing 2008 vivyo hivyo, Rashid Ramzi wa Bahrain alipobainika, na sikumbuki mtu yeyote wa huku aliyelia kwamba Wabahraini wameonewa. (Kwamba baadaye Kiprop mwenyewe alifungiwa miaka minne kwa EPO ni ukatili wa historia ambao hata mla matanga hangeuthubutu.) Matanga ya jirani yakilipa, sisi pia tumekula, na pilau tulifunga tukaenda nayo nyumbani.

Wapo wanaosema: sawa, mtu akijua uovu aupeleke kwa wahusika, asiuuze. Hoja hii ina adabu nzuri, ila haijui ofisi zinavyofanya kazi. Vitaly Stepanov alikuwa mtumishi wa shirika la Urusi lenyewe la kupambana na dawa. Kuanzia 2010 aliiandikia WADA akieleza kila kitu. WADA wakati huo haikuwa na mamlaka ya kuchunguza, na hatimaye afisa wake mmoja akamwelekeza kwa Seppelt. Yaani wahusika wenyewe walimpeleka mtu kwa mla matanga, kwa sababu walijua faili hulala kabatini lakini filamu hailali. Hapa nyumbani ni hivyohivyo. Novemba 2022, tulipoponea chupuchupu kufungiwa nchi nzima, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kwa vita dhidi ya dawa. Fedha hizo hazikuahidiwa miaka tuliyokuwa tukishangilia. Aibu ndiyo iliyozitoa, na aibu haina msambazaji mwingine zaidi ya huyu tunayemtukana.

Wengine wanauliza mbona mtu huyu huwa ni mgeni, na mbona anatuandama sisi. Nusu ya kwanza nitairudia. Nusu ya pili haina msingi. David Walsh, mwandishi wa Ireland, alimng'ang'ania Lance Armstrong, bingwa wa baiskeli, kwa zaidi ya miaka kumi, akaitwa kila jina, na gazeti lake la Sunday Times likashtakiwa, likalazimika kulipa mwaka 2006. Armstrong alipoanguka ndipo fedha zikadaiwa na kurudishwa. Mashabiki wa baiskeli walimchukia Walsh kama Turbo inavyomchukia Johnson, tena walikuwa wazungu wenzake. Alberto Salazar, kocha mashuhuri wa Oregon, alifungiwa mwaka 2019 baada ya waandishi wa BBC na ProPublica kumwanika. Mla matanga hachagui ukoo. Na kuhusu utajiri wake, ARD ni chombo cha umma: kila kaya ya Ujerumani, iwe inapenda mbio au haipendi, hutozwa euro 18.36 kwa mwezi kuendesha vyombo vya namna hiyo. Bibi wa Bavaria asiyejua mji wa Iten uko wapi amechangia matanga yetu miaka yote hii, na hatujamtumia hata salamu. Turbo pia inasahau kwamba misitu yake ilipandwa ili kukilisha kiwanda cha karatasi cha Webuye. Mji uliokuza karatasi una haki ndogo ya kushangaa kwamba imeandikwa.

Lipo lalamiko moja ambalo silipuuzi. Mwandishi huyu anaposhiba, harufu ya karamu hubaki kwenye nguo za wasio na kosa. Msichana anayekimbia alfajiri kando ya barabara kuu, lori za Uganda zikimpita kwa honi, hajawahi kuona sindano ya EPO. Lakini siku akishinda mbio ndogo Ulaya, watu watatazamana kwanza kabla ya kupiga makofi. Shaka hiyo ni kodi, na analipishwa yeye. Tena mla matanga ana kasoro asiyoitibu: mtu akisafishwa, harudi na gari la kukodi kuandika kwamba amesafishwa, kwa sababu habari hiyo haiuziki. Hapo simtetei. Ninachokataa ni kwamba ukimya wake ungemsaidia msichana yule. Mwulize Edna Kiplagat. Boston, Oktoba 2021, akiwa na miaka 41, alimaliza wa pili nyuma ya Diana Kipyokei, Mkenya mwenzake. Desemba 2022 ushindi wa Kipyokei ukafutwa na Kiplagat akatangazwa bingwa, miezi 14 baada ya umati kwenda zake nyumbani. Aliyemnyang'anya utepe hakuwa mwandishi. Mashabiki husema mla matanga anaichafua Kenya, na wanasahau kwamba katika kila mbio zenye dawa, wa kwanza kuibiwa ni Mkenya msafi aliyekuwa hatua chache nyuma.

Sasa lile la ugeni, ambalo linauma kwa haki. Inachosha kusomewa habari za kwetu kutoka Cologne na London. Lakini tiba ya uchungu huo haipatikani kwa kumfukuza mgeni. Mwandishi wa Eldoret ana kila kitu ambacho Seppelt hukodi: anajua Kinandi, anajua daktari yupi hufungua kliniki usiku, anajua kambi ipi vijana wake hawapendi wageni asubuhi. Anachokosa ni mhariri atakayemlipa miezi sita bila habari hata moja, na wakili wa kusimama naye siku ya mashtaka. Kwa sasa analipwa kwa makala, na makala ya mursik huandikwa kwa saa mbili na kumpatia chai, nauli na wakati mwingine bahasha kutoka kwa mwenyeji. Ya dawa humpatia simu za vitisho na binamu wasiomsalimia kanisani. Mfanye ashibe kwa hiyo ya pili kuliko ya kwanza, na Johnson atakapotua tena na gari lake la kukodi atakuta habari imeshauzwa, na mteja wake wa kwanza ni huyo anayelalamika pale Turbo.