Jinsi ya Kuiba Tathmini ya Kweli Bila Kumuudhi Mgeni Rasmi

Ndugu mratibu, sogea karibu. Chuo kimekukabidhi mradi wa kuhudumia jamii, tuseme wa kuhifadhi mahindi katika vijiji vya Morogoro. Fedha ni za miaka mitatu, andiko limejaa viashiria, na wakubwa wako wanasubiri vitu viwili: picha na idadi ya waliofunzwa. Wewe unataka kujua kama kuna kaya itakayokula vizuri zaidi kwa sababu ya mradi huu. Yote yanawezekana, mradi ujue pa kupita.

Anza kwa kuwapa wanachotaka. Hema, ngoma, fulana, risala, mgeni rasmi akikabidhi mifuko ya kuhifadhia mahindi huku kamera zikimmulika: usibane chochote. Mkubwa akishapata picha yake hakufuatilii tena, na hapo ndipo unapopata nafasi ya kufanya kazi. Kila binadamu hupenda kuonekana akitoa. Mwache atoe.

Sasa iba. Siku ya uzinduzi kila mtu atapanga mstari kusaini karatasi ya mahudhurio ili apate nauli. Ongeza safu tatu kwenye karatasi hiyo: Mwaka jana ulivuna magunia mangapi? Uliuza mangapi, na lini? Ya kula yaliisha mwezi gani? Weka mezani wanafunzi wawili wenye mwandiko unaosomeka. Jioni utakuwa na picha ya hali ilivyokuwa kabla ya mradi, kitu ambacho waratibu wengi hukikumbuka mwaka wa tatu, wakati hakuna tena anayekumbuka alivuna nini. Nauli usiifanye rehani. Asiyetaka kujibu apewe haki yake aende.

Ila waliokuja ni wale wale wanaokuja kila mkutano. Kwa hiyo kesho yake pita kwa mtendaji wa kijiji, omba daftari la kaya, chagua kila ya kumi, kisha uwafuate nyumbani. Uliza maswali yale yale. Halafu fanya hivyo hivyo katika kijiji jirani ambacho mradi haukufika. Ni siku mbili za jua na vumbi, na zitakulinda na aibu kubwa: mvua ikinyesha vizuri kila mtu atavuna, na ripoti yako itajitwalia sifa za mvua.

Viashiria vya mfadhili vijaze vyote, kwa wakati, kwa ukweli. Vyako vya moyoni viwe viwili tu: mwezi ambao mahindi yaliisha, na mfuko uko wapi leo.

Hilo la mfuko lishike sana. Mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu ambayo mbinu yake ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa wakishughulikia kunde nchini Cameroon katika miaka ya 1980, hufanya kazi kwa njia rahisi. Hewa haipiti, wadudu wanaimaliza iliyomo, wanaacha kula na kuzaana. Hata dumuzi, mharibifu yule aliyetokea Amerika ya Kati na kuingia kwetu kupitia Tabora, hushindwa. Lakini hayo hutimia mfuko ukifungwa vizuri, usipotobolewa, na nafaka ikikauka kabla ya kuingizwa. Usimuulize mkulima kama mafunzo yalimsaidia. Atasema yalimsaidia sana, kwa sababu wewe ni mgeni wake na yeye ni mstaarabu. Mwambie: "Mama, naomba nione mfuko." Kama una mahindi yenye afya, umeona. Kama umebeba mkaa, umeona pia.

Na ukikuta mfuko ni mzima ila mtupu tangu Agosti, usiondoke haraka. Kaa, uliza kwa upole. Huenda mahindi yaliuzwa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kulipa deni au matibabu. Mafunzo yalieleweka na mfuko haukuharibika, lakini kaya haikuwa na pesa ya kusubiri bei ipande. Hapo umegundua kwamba mradi wako ulihitaji kikundi cha kuweka na kukopa kuliko semina ya pili. Hakuna karatasi ya mahudhurio itakayokuambia hilo.

Muda wa kwenda ni Februari. Julai ghala la kila mtu linapendeza na kila mradi umefaulu. Februari, kabla mazao mapya hayajakomaa, ndipo uhifadhi unapopimwa. Pita ofisi ya kijiji ujitambulishe, maana ndiyo heshima, lakini omba wasiitishe mkutano. Tena usiende wewe uliyegawa mifuko. Watume wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, wasiovaa fulana za mradi.

Ukiona nakusumbua na mambo ya ghala, inua macho utazame milima ya Uluguru, inayoonekana vizuri kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine. Kule serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuhifadhi ardhi. Kwa macho ya mpita njia yalikuwa kazi nzuri. Lakini kuchimba kulileta juu udongo usio na rutuba, na aliyepanda mahindi pale ndiye aliyejua kwanza. Mwaka 1955 watu waligoma, ghasia zikatokea, na mpango ukafa. Matuta huhesabika barabarani. Hasara ilikuwa jikoni, na huko hakuna aliyeuliza mapema.

Ukishindwa, shindwa mapema na kwa maandishi. Usingoje ripoti ya mwisho. Katika ripoti ya nusu mwaka andika safu tatu: tulitarajia nini, tumekuta nini, tunabadilisha nini. Kisha mfuate mkuu wako na umpe ugunduzi huo awe wa kwanza kuutangaza kikaoni. Mtu aliyetangaza jambo hulitetea, na fedha za kulirekebisha atakutafutia yeye mwenyewe. Sifa hiyo isikuume. Tarakimu tu ndizo zisizogawiwa kwa heshima: kama kaya 12 kati ya 40 ndizo zinazotumia mfuko, andika 12.

Njia nyingine ya mkato, naipenda kuliko zote: mradi ukifungwa, fedha za kurudi kijijini hazipo, na hapo ndipo swali kubwa linapoanza. Tafuta mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayehangaika kupata mada. Mpe orodha ya kaya zile zile, kwa ridhaa yao, na majibu ya mwaka wa kwanza. Yeye anapata tasnifu, wewe unajua nani bado anafunga mfuko miaka miwili baadaye.

Mwisho, rudisha majibu kijijini. Simama kwenye mkutano mkuu wa kijiji, soma ulichokikuta, kizuri na kibaya, na wakusahihishe. Mkutano huo uweke kwenye bajeti sasa hivi, maana mwaka wa tatu hutapata hata nauli ya kufika.